Kipaji cha Shija na Kosa Langu

Siku mliponiaga, mmoja wenu alisimama na soda mkononi akaniuliza mbele ya watu wote: kati ya Shija na Benedicto, nani alikuwa mchezaji mkubwa zaidi? Nilijibu kwamba swali hilo halijibiki na mtu aliyeshika sahani ya pilau. Watu wakacheka, mambo yakaendelea. Sasa nimekaa nyumbani kwangu Cheyo wiki sita, sahani nimekwisha kuiweka chini, na nawaandikia ninyi wanne mliobaki na chumba cha snuka cha klabu yetu. Mtapata jibu. Mtapata na mengine ambayo sikuwaambia tulipokuwa kazini, mengine kwa kukosa nafasi, na moja kwa aibu.

Sitaandika nilipanda cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yako kwenye faili, na faili lenyewe halisomeki vizuri.

Mimi ni mtu wa Lusu, Nzega. Nilikuja Tabora nikiwa na miaka ishirini na moja kujifunza cherehani kwa shangazi yangu. Siku moja aliingia mzee mmoja mwembamba, kanzu imepigwa pasi kama imetoka dukani, akauliza kama kuna fundi anayeweza kushona kitambaa bila kukitoa kilipo. Huyo alikuwa Mzee Nasoro, mtunza meza wa klabu. Alikuwa amekwenda kwa mafundi watatu mjini na wote walimwambia akilete kitambaa dukani. Meza ya snuka ina urefu wa futi kumi na mbili, na chini ya kitambaa kuna mawe matano yaliyounganishwa. Haiendi dukani kwa mtu. Shangazi alikuwa na nguo za harusi mikononi, akanisukuma mimi.

Kitambaa kilikuwa kimechanika kama vidole vitatu. Nilikishona kwa uzi mwembamba kuliko wote niliokuwa nao, nikajisifu moyoni. Mzee Nasoro akachukua mpira mweupe akauviringisha taratibu juu ya mshono. Mpira ukaruka kidogo sana, kiasi ambacho mimi sikukiona ila niliusikia.

"Fumua," akasema.

Nilifumua mara nne. Mara ya tano mpira ulipita bila sauti. Akauviringisha tena kutoka upande mwingine, kisha upande wa tatu, akafuta mikono yake. "Kesho saa mbili asubuhi," akasema, akatoka. Hayo ndiyo mahojiano yangu ya kazi.

Wakati ule mwanamke aliingia katika chumba kile akiwa na ufagio tu. Katibu wa klabu alinikuta siku ya pili nimepiga magoti juu ya meza, akamuuliza Mzee Nasoro mimi ni nani. Mzee Nasoro hakugeuka hata. Alisema, "Huyu ni fundi," akaendelea kunionyesha jinsi ya kuvuta kitambaa pembeni. Nilisubiri aongeze maelezo. Hakuongeza. Nami tangu hapo nimejifunza kutoongeza.

Kwa miezi mingi nilijifunza vitu ambavyo ninyi mnavijua, lakini acha niviseme, maana nimeona mmoja wenu akipiga brashi kinyume. Kitambaa cha snuka kina vinyweleo, navyo vyote vimelala upande mmoja, kuelekea upande wa mpira mweusi. Brashi inakwenda huko, pasi inakwenda huko. Ukirudisha mkono kinyume, mpira unaokwenda polepole utapinda njiani na mchezaji atalaumu fimbo yake. Enzi zangu za mwanzo umeme ulikatika sana, tukawa tunatumia pasi ya mkaa. Wiki ya tatu cheche moja ilidondoka. Ilitoboa tundu kama punje ya maharage karibu na mahali unapokaa mpira wa kijani, na wanachama wakapaita, kwa jina langu, Kituo cha Paulina mpaka kitambaa kilipobadilishwa. Mzee Nasoro hakunigombeza. Aliniacha nikitunza kitambaa chenye tundu hilo mwaka mzima.

Kesi iliyonifanya nijione fundi kweli ilikuja mwaka wa nne. Wachezaji walilalamika kwamba mpira unavutwa kwenye kona ya kushoto. Asubuhi nikiweka pima maji, meza iko sawa kama maji ya mtungi. Mchana wakianza kucheza, inavuta. Waliinuka watu wa kusema kitambaa cha mwanamke hakivutwi kwa nguvu. Nilikaa siku tatu kwenye kigoda nikitazama, sitazami mipira, natazama matumbo ya wachezaji. Siku ya tatu nikaona: kila mtu mnene akiegemea kona ile, meza inainama kwa unene wa unywele. Nilipotoboa mguu wa meza kwa bisibisi, ulitoka unga. Mchwa walikuwa wameula mguu wote na kuacha ganda na rangi. Tulichonga mguu mpya wa mninga, na hadi leo ndio mguu pekee wa meza ile ninaouamini.

Kazi ilinitoa nje ya klabu pia. Meza ndogo za pool zilipoingia kwenye baa, nilizunguka Urambo, Nzega, Igunga, barabara ileile ambayo zamani wapagazi walipita na meno ya tembo, mimi nikipita na nyundo, gundi na kitambaa cha kijani. Nilitengeneza meza zilizokuwa zimewekwa juu ya vipande vya tofali na moja iliyosimama juu ya masufuria. Usiwacheke wenye meza hizo. Wachezaji wazuri wengi wa kanda yetu walianzia hapo, na ndiyo maana wanajua kucheza palipopinda.

Macho ya Mzee Nasoro yalipoanza kufifia alinifundisha mambo mawili zaidi. La kwanza ni uamuzi wa mechi: kusimama kimya, kuhesabu kwa sauti, kutokuwa na rafiki kwa saa tatu. La pili ni kucheza kwenyewe. Alisema fundi asiyejua kupiga hajui anachotengeneza. Basi kila asubuhi kabla ya wanachama kufika nilipiga mipira saa nzima kujaribu meza, naye amekaa kwenye kiti akisikiliza. Alijua kwa sauti kama mpira umegusa ukingo kabla ya kutumbukia. Alifariki nikiwa na mwaka wa tisa kazini, na chumba wakaniachia mimi, pamoja na kufundisha wanachama wapya.

Mwaka uliofuata alikuja Benedicto.

Alikuwa karani kwenye kituo cha kununulia tumbaku Urambo, kijana Mkatoliki mpole, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Alikuwa ameona snuka mara moja tu kwenye televisheni. Mikono yake ilikuwa migumu kupindukia. Siku ya kwanza alikosa mpira mweupe kabisa, fimbo ikapita juu, akaomba radhi kwa meza. Nilidhani hatarudi. Jumamosi iliyofuata alikuwa mlangoni kabla yangu.

"Shikamoo, dada Paulina. Nionyeshe nilichokosea."

Neno hilo nililisikia kwa miaka minane. Nionyeshe nilichokosea. Kwa kuwa hakuna kitu kilichomjia chenyewe, ilinibidi nimfundishe kila kitu: kusimama, kushika, kupumua, kupaka chaki, kuchonga ncha ya ngozi ya fimbo. Zaidi ya yote nilimfundisha kuficha. Ninyi mnajua, lakini anayesoma haya bila kujua mchezo aelewe: katika snuka si lazima utumbukize mpira kila zamu. Ukiona huna njia, unaweza kuupeleka mpira mweupe nyuma ya mpira mwingine, mpinzani wako akija asiuone anaotakiwa kuugonga. Akiukosa, pointi zinakuja kwako. Ni nusu nzima ya mchezo, na watazamaji hawaipendi kwa sababu haina kelele. Benedicto aliipenda. Alikuwa na subira ya mtu aliyezoea kusubiri mizani.

Mwaka wa sita alikuwa anashinda kila mtu klabuni. Wa saba aliacha tumbaku, akapata klabu Dar es Salaam iliyomwajiri kama mchezaji na mwalimu. Kila likizo alirudi kwangu na swali lake lilelile.

Kabla hajaondoka, Shija alikuwa amekwisha kufika.

Shija alikuwa na miaka ishirini, fundi wa kuchomelea wa Urambo, mwana wa wakulima wa tumbaku. Alikuja kuchomelea geti letu. Wakati wa mapumziko aliingia chumbani, akaomba kujaribu. Nilimpa fimbo ya wageni, iliyopinda. Akainama, akapiga mpira mwekundu wa mbali ambao Benedicto angeufikiria dakika nzima. Ukaingia katikati ya shimo. Akapiga mwingine. Wa tatu ulikuwa umekaa vibaya kwa mkono wa kulia, akahamisha fimbo mkono wa kushoto bila kutafakari, nao ukaingia. Watu walioketi nje wakaanza kuingia mmoja mmoja. Geti halikumalizika siku ile.

Tangu hapo kila kinywa kilisema jambo moja: huyu amezaliwa nacho. Mimi nililisema kuliko wote. Niliwaita watu waje wamwone. Nilisimama pembeni nimekunja mikono, natabasamu kama niliyemzaa.

Sasa nafika kwenye aibu yangu. Kama mwezi wa tano hivi, Shija alibaki baada ya wengine kwenda kula. Alisimama kwenye mwisho wa meza akisugua chaki bila sababu.

"Mama," akasema, "nataka unifundishe kuficha. Kama unavyomfundisha Benedicto."

Nikacheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka. "Wewe wa nini kuficha? Hayo ni ya watu wasioweza kutumbukiza. Wewe piga tu, mwanangu."

Aliniomba tena wiki mbili baadaye. Nikamjibu hivyohivyo, kwa maneno machache zaidi. Hakuomba mara ya tatu. Nilijiambia kwamba namlinda, kwamba nikimjaza hesabu kichwani nitaiharibu ile mikono. Ukweli ni kwamba kumtazama kulikuwa raha na kumfundisha kungekuwa kazi.

Miaka miwili baadaye yalifanyika mashindano ya kanda hapa klabuni, mshindi aende kucheza fainali za taifa. Benedicto alirudi kutoka Dar kucheza kwa jina la kwao. Fainali ikawa yeye na Shija, mshindi wa raundi tatu kati ya tano. Mwamuzi nilikuwa mimi.

Raundi mbili za mwanzo Shija alizichukua kabla chai haijapoa. Watu walikuwa wamesimama hadi madirishani. Kisha Benedicto akaanza kuficha. Hakutumbukiza mipira mingi. Aliuweka tu mpira mweupe mahali pabaya, akaketi, akatazama viatu vyake. Shija alinyanyuka na kupiga, akakosa, akanyanyuka tena. Niliiona mikono ile niliyoisifu ikitafuta kitu ambacho haikuwahi kupewa. Ikawa mbili kwa mbili.

Raundi ya mwisho, Shija akiwa mbele kidogo, Benedicto aliinama kupiga, kisha akanyooka na kuniambia, "Mwamuzi, nimegusa." Mkono wa shati lake ulikuwa umegusa mpira mwekundu. Mimi sikuona. Hakuna aliyeona. Nikatangaza kosa, Shija akapata pointi nne na zamu.

Ilikuwa zawadi, na Shija hakujua la kufanya nayo. Mpira pekee aliouona ulikuwa mbali, umeganda ukingoni. Alitakiwa kuficha. Mtu yeyote aliyefundishwa angeficha. Akapiga. Mpira uligonga mdomo wa shimo ukarudi nje, na ule mweupe ukabaki wazi katikati ya meza. Benedicto alisafisha mipira yote iliyobaki.

Nje, watu walisema kijana ana kipaji lakini hana moyo. Nilimkuta kwenye geti lile alilolichomelea, anafunga fimbo yake kwenye baiskeli. Nikamwambia asikate tamaa, kwamba alichonacho hakuna mwingine anacho.

Akanitazama bila hasira. "Mama, nilikuomba," akasema. Akapanda baiskeli akaenda stesheni.

Hakurudi. Miaka saba. Benedicto alichukua ubingwa wa taifa mara mbili katika miaka hiyo, nami nilipongezwa kama mwalimu wake, nikapokea pongezi. Nilipokuwa peke yangu chumbani nikipiga pasi kitambaa, nilisikia maneno yale mawili. Nilikuwa na kazi nyingi, na kazi ni mahali pazuri pa kujificha.

Kilichonitoa ni baa moja ya Urambo iliyoniita kutengeneza meza. Nilimaliza saa nne asubuhi na treni ilikuwa ya jioni. Ningeweza kukaa stesheni. Nikauliza karakana ya Shija iko wapi.

Nilimkuta anachomelea fremu ya kitanda, bila kinga ya macho, amekunja uso tu. Aliponiona akazima mashine, akaniamkia, akaniletea kigoda. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Nikasema machache: kwamba aliniomba mara mbili na mimi nikamnyima, kwamba nilimnyima kwa uvivu nikauita heshima, na kwamba nataka kumfundisha sasa kama bado anataka.

Akasema ana miaka ishirini na tisa, ana mke na watoto wawili, na macho yanawasha kila jioni. Nikamwambia macho yanawasha kwa sababu havai kinga, hilo nalo nitamfundisha. Hapo akacheka kidogo.

"Nitakuja," akasema, "lakini kwa sharti moja. Usiniambie tena kwamba nina kipaji. Wala usimwache mtu aniambie mbele yako."

Jumamosi ya kwanza aliyokuja aliikuta meza nimeziba mashimo yote sita kwa matambara. Hakuna mpira ulioweza kuingia popote. Nikamwambia atacheza hivyo mpaka nitakapotoa mwenyewe. Tulicheza hivyo miezi minne. Wanachama walilalamika, nikawaambia mashimo yana matengenezo, jambo ambalo lilikuwa karibu na kweli. Shija alikuwa mbaya sana. Aliupiga mpira mweupe kama mtu anayefukuza mbwa. Kila wiki alikuja na treni, kila wiki alirudi amekasirika, na kila wiki alirudi tena. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na sita na sijawahi kufanya kazi kwa nguvu hivyo.

Benedicto alipokuja likizo nilimwambia ninachofanya. Nilidhani atanuna. Alivua saa yake akaiweka dirishani, akauliza aanze na nini. Walicheza siku tatu mfululizo, asubuhi hadi saa kumi. Siku ya mwisho, tukila wali mezani kwangu, Benedicto alisema kwamba kwa miaka ile yote alikuwa akiamka alfajiri kujaribu kupiga mipira ambayo Shija aliipiga huku anazungumza, na kwamba alimwonea wivu mpaka akaugua. Alisema hivyo huku anachambua miba ya samaki, kama anasoma orodha ya magunia.

Shija aliweka kijiko chini. Akatusimulia kwamba tangu ana miaka sita alikuwa anacheza gololi kwenye sakafu ya bani la kukaushia tumbaku, msimu ambao bani liko tupu, peke yake, kuanzia asubuhi hadi anaitwa kula. Miaka minane. Alipofika miaka tisa alianguka kutoka kwenye mkokoteni akavunjika mkono wa kulia, akacheza msimu mzima kwa wa kushoto kwa kuwa hakukuwa na jambo jingine la kufanya. Mkono wa kushoto tuliouita muujiza ulikuwa mkono uliovunjika.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," akasema.

Nasema ukweli mtupu: gololi hazielezi yote. Nimeona watu wengi waliocheza gololi. Kuna kitu kwa Shija, namna alivyojua mpira mweupe utasimama wapi kabla hajaupiga, ambacho siwezi kukieleza na nimeacha kujaribu. Lakini sehemu kubwa ya kile tulichokiita cha kuzaliwa ilikuwa kazi iliyofanyika mahali ambapo hatukuwepo.

Mwezi wa tano niliondoa matambara. Baada ya miaka miwili alishinda kanda, Benedicto akiwa ameingia fainali za taifa moja kwa moja kwa jina la klabu yake. Tulikwenda Dar. Ratiba ikawakutanisha kwenye nusu fainali, mshindi wa raundi nne kati ya saba. Benedicto alikuwa na miaka arobaini na mmoja na alikwisha kunidokeza kwamba huo ni mwaka wake wa mwisho. Aliutaka ubingwa wa tatu. Niliketi katikati ya safu ya mbele ili nisionekane nimeegemea upande wowote, jambo la kijinga, maana kila upande ulikuwa wangu.

Sijawahi kuona mechi iliyochosha watazamaji kama ile. Watu walitoka kununua maji wakarudi wakakuta pointi hazijabadilika. Walikuwa wanafichana, wanafichuana, wanafichana tena. Ikafika tatu kwa tatu. Raundi ya mwisho ilibaki mipira miwili, wa pinki na mweusi, Shija akiwa nyuma kwa pointi nane. Alihitaji yote miwili. Walizungushana kwenye ule wa pinki kama dakika ishirini, mpaka Benedicto akauacha wazi upana wa kidole. Shija akautumbukiza.

Ukabaki mweusi. Ulikuwa mbali, karibu na ukingo, mpira wa aina ileile anayoipiga mtu kwa ajili ya makofi. Ukumbi wote uliamka. Nyuma yangu mtu alipiga kelele, "Piga, Shija!" Mwingine akasema, "Huyo kazaliwa nacho." Nikageuka nikamtazama mtu huyo mpaka akanyamaza.

Shija alizunguka meza mara moja. Akainama. Akausukuma mpira mweupe taratibu hadi nyuma kabisa ya meza, mweusi ukaenda kuganda ukingo wa upande wa pili. Watu wakaguna kwa huzuni. Benedicto akajibu vizuri. Shija akauweka mbali tena. Benedicto akajibu vizuri zaidi. Mara ya tatu, mikono ya Benedicto, ambayo nilikuwa naijua kuliko yangu, iliongeza nguvu kidogo tu kuliko ilivyohitajika. Mweusi ulitoka ukingoni ukaja kusimama mbele ya shimo la kona, hatua moja kutoka kwa mpira mweupe.

Ulikuwa mpira ambao mgeni wa wiki ya pili angeutumbukiza. Shija alipaka chaki kama kawaida, akapumua, akautumbukiza. Makofi yalikuwa machache, nusu ya watu hawakuelewa kwamba mechi imekwisha. Mimi nilisimama na kupiga makofi mpaka viganja vikauma.

Benedicto alimshika mkono akasema, "Umenifunga kwa vitu vyangu." Kisha akaketi kwenye kiti chake muda mrefu, kitambaa cha mkononi usoni, na hakuna aliyemsumbua.

Kesho yake Shija alifungwa fainali na mchezaji wa Mwanza ambaye siku hiyo hakukosa chochote. Hakukuwa na la kujifunza hapo. Alipata klabu Dar, akacheza kwa kulipwa miaka mitano, hakuwahi kuwa bingwa wa taifa. Alirudi Urambo na karakana yake sasa ina mafundi wengine, wote wanavaa kinga ya macho. Ile video inayozunguka kwenye simu zenu, ya mkono wa kushoto, ni ya miaka hiyo mitano. Mnaitazama vipande vya sekunde kumi. Mechi ile ya nusu fainali hakuna aliyeirekodi.

Basi jibu. Benedicto alikuwa mkubwa zaidi. Nasema bila kusita. Alijua kutumbukiza, kuficha, kungoja, kupoteza, na kusema "nimegusa" pale ambapo hakuna jicho. Mchezaji aliyekamilika ni huyo. Lakini Benedicto alipata miaka minane ya mwalimu, na Shija alipata miwili, amechelewa, baada ya mimi kumcheka. Kwa hiyo mkinipimia hao wawili, nipimeni na mimi. Neno kipaji lilinipa ruhusa ya kukaa. Msilitumie katika chumba kile. Akija mtu anayepiga vizuri asubuhi ya kwanza, mwulizeni alijifunzia wapi, kisha mfundisheni kama mnavyomfundisha asiyeweza kushika fimbo.

Limebaki jambo moja. Katika miaka thelathini na tisa nimepiga mipira kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nacheza. Kanuni ya klabu ilikataza mkuu wa chumba kushindana, nami nikaitii kanuni kiasi kwamba nikaacha hata kujiuliza. Wiki sita zilizopita niliacha kuwa mkuu wa chumba. Jumanne nilikwenda kuandikisha jina kwenye mashindano ya kanda. Kijana mwenye daftari akaniamkia vizuri, akauliza naandikisha mtoto au mjukuu. Nikamtajia jina langu, nikamsubiri alimalize kuandika.

Ratiba imekwisha kubandikwa mlangoni, mtakuwa mmeiona. Jumamosi saa nne asubuhi nimepangwa na mmoja wenu. Nimemtazama akicheza kwa miaka mitatu na najua mpira gani anauogopa. Aje amefanya mazoezi.